Ulimi wa Ukutani

Tarehe 9 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini magoti yameacha kukusumbua, na Mama Mdogo ameacha kukusumbua kuhusu magoti. Mimi ni mzima, nala, nalala, na sijagombana na mtu bado. Nimeandika "bado" makusudi, usije ukashangaa baadaye.

Nimefika shuleni, nimepewa darasa la tano, somo la sayansi. Nyumba ya mwalimu ni chumba kimoja chenye dirisha lisilofunga na mlango usiofunguka mpaka uupige teke. Simu inashika ukisimama juu ya jiwe nyuma ya choo cha wavulana, kwa hiyo itabidi tuandikiane kama watu wa zamani.

Sasa sikiliza. Siku ya kwanza mwalimu mkuu alinitembeza. Ofisi hii, stoo hii, bomba lile pale, halafu tukazunguka nyuma ya darasa la tano. Mama! Ukuta mzima ni ulimi. Ulimi wa waridi kuanzia chini mpaka karibu na bati, umegawanywa kwa mistari kama mashamba yenye mipaka. Kwenye ncha, chini, imeandikwa TAMU. Pembeni CHUMVI, halafu CHACHU. Kule nyuma, juu kabisa, CHUNGU. Mwalimu mkuu akasema, "Hii ndiyo fahari ya shule yetu." Mimi macho yangu yalikwenda kwenye kona ya chini, kulia. Yupo! Sisimizi wako mwekundu, sahihi yako ya kila ukuta, amebeba punje yake. Nilitaka kumkumbatia ukutani pale pale. Mwalimu mkuu sikumwambia kitu, nilitaka kwanza nikuulize wewe: ulikuja huku lini, na mbona hukuwahi kuniambia?

Watoto wana nidhamu mpaka wananitisha. Nikisema "maji huchemka", wanaandika "maji huchemka". Nikikohoa nadhani wanaandika nako kukohoa. Anayeuliza maswali ni msichana mmoja tu, na wenzake wamembandika jina la Kwa Nini. Hawakumpa kwa mapenzi. Basi nimeamua kila Ijumaa kipindi cha mwisho madaftari yanafungwa, tunafanya jaribio. Sheria ni hii: kisia kwanza, jaribu, halafu sema ulichokiona, si ulichokitaka. Ijumaa iliyopita tulianika vitambaa, kimoja juani, kimoja kivulini, kimoja kivulini penye upepo. Walibishana mpaka kengele ikalia na hakuna aliyetoka.

Binti yako,
Kitinda mimba


Tarehe 21 Februari

Mwanangu Mwalimu,

Marahaba. Mimi nipo, magoti nayo yapo, kila mmoja na mambo yake. Mama Mdogo anakusalimu, anauliza kama umepata mchumba au bado unaanika vitambaa. Nimemwambia aache kukufuatafuata, lakini na mimi nasubiri jibu. Na hiyo simu achana nayo. Sitaki kuzungumza na mwanangu aliyesimama nyuma ya choo.

Kwa hiyo ulimi wangu bado upo! Nilipiga kelele mpaka Mama Mdogo akadhani nimeanguka bafuni. Unauliza nilikuja lini. Ulikuwa tumboni, ndiyo maana huna habari. Miaka ile nilizunguka na ndoo zangu za rangi, shule baada ya shule, nachora ramani, mifupa, moyo, mbegu inayoota, chochote walichotaka, shule nyingi hata zingine sizikumbuki. Walikuwa wanasimama kunicheka, mwanamke na tumbo lake juu ya ngazi. Mwalimu mkuu wa wakati ule alinipa kitabu, akasema chora hii, usiongeze kitu, usipunguze kitu. Ile rangi ya waridi niliichanganya mwenyewe. Kila nikichanganya inatoka kama nyama ya buchani. Mwisho nikaweka kioo, nikatoa ulimi wangu nje, nikafananisha. Wakacheka zaidi. Wacheke! Mimi nina ukuta, wao wana nini?

Nikwambie jambo moja bila utani. Kuta zangu zinakwisha. Kule sokoni wamepaka tangazo la sabuni juu ya simba wangu. Stendi wamebomoa. Huo ulimi ndio ukuta wangu pekee ninaoujua kuwa umesimama, na magoti haya hayatapanda ngazi nyingine. Kwa hiyo niangalizie. Watoto wasiupigie mpira.

Mama yako


Tarehe 16 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo tena. Leo salamu ni nyingi kuliko kawaida na ukifika chini utajua sababu. Magoti yanaendeleaje? Mwambie Mama Mdogo mchumba hajaonekana hata kwa mbali.

Tulikuwa tunasoma milango ya fahamu. Nikasema, ya nini kukariri wakati ndimi tunazo? Ijumaa nikaleta vikombe vinne: maji ya sukari, maji ya chumvi, maji ya ndimu, na kahawa nyeusi isiyo na kitu. Kila mtoto na vijiti vyake vyenye pamba na maji ya kusukutua. Tukakaa nje mbele ya ulimi wako, maana ndani ni joto. Wakaanza kupakana. Sukari kule nyuma: "Hakuna kitu, mwalimu." Sukari kwenye ncha: "Tamu!" Kahawa kwenye ncha: "Hakuna kitu." Darasa zima, sauti moja, sawasawa na ukuta. Nikafurahi, nikaanza kukusanya vikombe.

Kwa Nini akanyosha mkono. "Mwalimu, mbona kila mtu anaangalia ukutani kabla ya kujibu?"

Mama, nilitamani ardhi ipasuke. Nimewakalisha watoto mbele ya jibu, halafu nawauliza swali!

Ijumaa iliyofuata tulikwenda nyuma ya stoo, mahali pasipo na picha hata ya kuku. Wakafungana macho kwa masweta ya shule. Anayepaka naye hajui anapaka nini, vikombe nimevitia alama tu na siri ninayo mimi, nimesimama mbali. Wa kwanza alikuwa mvulana wanayemwita Bondia, maana anapigana hata na dawati. Akapakwa kule nyuma kabisa. Akakunja uso mapema akingoja uchungu. Halafu akasema polepole, "Tamu." Wenzake wakamzomea, akataka kurusha ngumi na sweta usoni. Wa pili: tamu. Wa tatu: tamu. Kahawa kwenye ncha: chungu, wanatema mate hovyo. Chumvi kila mahali. Wengine walisema ncha inasikia zaidi kidogo, wengine pembeni, hapo wakabishana na mimi nikawaacha wabishane. Lakini yale mashamba yenye mipaka hayapo, Mama. Mtoto mmoja alilia. Alisema ulimi wake mbovu, haufanani na wa ukutani.

Basi ndiyo hivyo. Ukuta wako hausemi kweli. Si wewe, ni kile kitabu ulichopewa. Nimeona heri uyasikie kutoka kwangu. Tafadhali usinikasirikie kabla hujaonja.

Binti yako


Tarehe 30 Machi

Mwalimu,

Marahaba. Mimi mzima.

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na miwani, nikidhani nimesoma vibaya. Nilichora ulimi ule mgongo ukiniuma na wewe ukinipiga mateke tumboni. Watoto waliosomea pale wamekuwa manesi, wamekuwa makarani, hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Leo watoto wamefungwa masweta usoni, wanarambishwa kahawa nyuma ya stoo, na mama yako ndiye mwongo.

Haya, hongera. Mama Mdogo anasema nisikuandikie nikiwa na hasira. Ndiyo maana nimeandika kidogo.

Mama yako


Tarehe 11 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimekuandikia mara mbili hukujibu. Hata hivyo nakujulia hali, maana kununa kwako nakujua, afya yako siijui. Magoti je? Mimi leo sisemi ni mzima. Nina hasira mpaka kalamu inachana karatasi, utanisamehe kwa mwandiko.

Ulikuja mtihani wa muhula. Swali: "Ni sehemu gani ya ulimi huonja sukari?" Darasa langu likaandika "zote". Mwalimu mkuu akasahihisha mwenyewe, akaniita. Sitaki kumsingizia, hakupayuka. Alinikalisha akasema, "Mwalimu, watoto hawa hawana mjomba ofisini. Hawana shamba la kurithi. Wana mtihani tu. Na mtihani haumuulizi mtoto ameonja nini, unamuuliza kitabu kimesema nini. Unacheza na maisha yao." Mama, yaliniingia, maana nusu yake ni kweli. Nikamjibu, basi niwafundishe waandike "kitabu kinasema ncha", na walichoonja wabaki nacho. Akatikisa kichwa. "Kitabu hakisemi, mwalimu. Kitabu ndicho."

Jumatatu asubuhi, shule nzima imejipanga mstarini, akalisimamisha darasa la tano mbele ya ukuta wako. Kila mmoja ashike fimbo, aguse, asome: tamu, chumvi, chachu, chungu, kisha aseme "Nilikosea." Nikasema, "Mwalimu mkuu, hawakukosea." Akaniambia ninyamaze, mbele ya watoto wangu. Wakasema, mmoja mmoja. Bondia alisema huku machozi yanamtoka. Ikafika zamu ya Kwa Nini. Akasoma maneno yote, vizuri, kwa sauti. Halafu akamrudishia mwalimu mkuu fimbo. "Sema ulikosea." Akasema, "Naweza kusema, mwalimu, lakini ulimi wangu unajua."

Shule nzima iliangua kicheko, na safari hii si yeye waliyemcheka. Amefukuzwa mpaka atakapoomba radhi.

Mimi nimepewa karatasi. Imeandikwa: "Nakiri kwamba niliwafundisha wanafunzi mambo yasiyo ya kweli." Mkaguzi anakuja tarehe 14 Juni, nitie sahihi mbele yake. Nisipotia, sithibitishwi kazini. "Na huyo mtoto wako naye," akasema mwalimu mkuu, akimaanisha Kwa Nini, "asahau kurudi."

Unajua alinimalizaje? Alinivuta mpaka dirishani akaninyoshea kidole ukutani. "Unaona kazi ile? Ile ni kazi ya mtaalamu. Mtu kama yule atachora uongo?" Nilikuwa nimefura kwa hasira, lakini nilikaribia kucheka. Sikumwambia mtaalamu ni nani. Umeninunia, na mimi jina lako silitumii bila ruhusa yako.

Binti yako


Tarehe 24 Mei

Mwanangu, kitinda mimba wangu, kichwa kigumu kama marehemu baba yako,

Marahaba. Na zile nilizokunyima nazo, marahaba, marahaba. Magoti yanauma, nimeyaambia yasubiri.

Nilinuna, ndiyo. Mimi nikinuna nanuna kweli kweli, sibabaishi. Lakini nilipomaliza barua yako nilinyanyuka moja kwa moja mpaka jikoni. Nikamwambia Mama Mdogo anifunge macho kwa kitambaa cha kichwa anipake. Akasema nimerukwa na akili. Nikamwambia wewe paka. Mara ya kwanza akaninong'oneza, "Sukari hiyo, dada," kabla hata hajanigusa, nikamfokea kwamba mwalimu amekataza. Tukaanza upya. Kijiti kule nyuma, nusura nitapike. Tamu! Kahawa kwenye ncha, chungu mpaka machozi. Tukabadilishana, nikampaka yeye, akapinga, akarudia, akapinga tena. Tulipakana mpaka chakula kikaungua.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi sikukosea kuchora. Nilipewa picha nikachora picha, na hakuna ambaye angeichora vizuri kuliko mimi. Kazi yetu ni hiyo, mteja analeta kidogo, wewe unakuza. Lakini sisimizi hakuwa kwenye kitabu chao. Sisimizi nilimweka mimi, ijulikane ukuta una mwenyewe. Na mwenyewe hajafa.

Halafu mtu mzima na ndevu zake anamsimamisha mtoto wa watu mbele ya kazi yangu, amlazimishe kukana ulimi wake mwenyewe? Kwa rangi yangu mimi? Ebo! Nilipofika pale kwenye barua yako nilizunguka chumba, nikakaa, nikazunguka tena. Ananifanya mimi ndiyo fimbo ya kuchapia watoto. Sikubali, mwanangu. Nimekataa mchana kweupe.

Usitie sahihi. Narudia, usitie. Mama Mdogo yuko uvunguni sasa hivi ananitafutia brashi. Ninakuja kuandika upya. Wewe niambie tu tuandike nini na wapi. Tamu iende wapi? Chungu tuiweke wapi?

Mama yako,
Mtaalamu


Tarehe 2 Juni

Mama Mtaalamu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Poleni na chakula kilichoungua. Kidogo nimeanza kula vizuri mimi, tangu uliponirudishia marahaba zangu.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwa kina Kwa Nini. Baba yake ni fundi viatu. Ameshamwambia mtoto aombe radhi yaishe, na sikumlaumu, ana wengine wa kulisha. Mwenyewe nilimkuta anasugua sufuria. Nikamwambia, unajua aliyechora ule ukuta ni mama yangu? Na anakuja kuandika upya? Nilidhani ataruka juu. Akaendelea kusugua. Akauliza, "Ataandika nini?"

Nikasema, tulichokikuta sisi.

"Halafu mwaka kesho darasa la tano watakaa mbele yake," akasema, "watatazama ukutani, watasema ndiyo mwalimu."

Mtoto amenishika, Mama. Nikachukua sufuria nyingine nikasugua na mimi. Tukiandika jibu letu, hata kama ni la kweli, tumewafanyia wanaokuja mambo yale yale. Watatukariri sisi. Hakuna atakayeonja.

Kwa hiyo ombi langu ni gumu kuliko ulivyotegemea. Ukutani pasiandikwe kitu. Maneno yafutwe na mipaka ifutwe. Ubaki ulimi mtupu wa waridi, na sisimizi wake. Najua unavyouchukia ukuta usio na maneno, unasema ni kazi ya mtu aliyekimbia kabla ya kumaliza.

Na wewe usije. Ngazi na magoti yako havipatani, nitapaka mwenyewe, hata kama itatoka kama nyama ya buchani. Siku ya mkaguzi nitakuwa ofisini na ile karatasi. Nakwambia ukweli, naogopa. Nikikataa, mtoto anakosa shule. Nikikubali, atarudi shule kwa mwalimu aliyemwuza. Kila nikiwaza nafika pale pale.

Binti yako


Tarehe 17 Juni

Mwanangu,

Nimefika salama. Magoti yamevimba na Mama Mdogo ananikanda na kunitukana kwa zamu. Wewe u hali gani? Walikupeleka wapi? Nilikuona tu unapandishwa gari la mkaguzi, hata kukumbatiana hatukukumbatiana, na mimi basi la mwisho lilikuwa linapiga honi.

Ulikuwa ofisini, mwanzo hukuuona, ngoja nikusimulie. Uliandika nisije. Nilikusikia. Kusikia nilisikia.

Niliingia watoto wakiwa mstarini, nikaazima ngazi kwa mlinzi, nikamwambia ninakuja kurekebisha kazi yangu, naye hakuona kosa. Waridi ya zamani imepauka, ikabidi nichanganye upya. Kioo nilisahau, basi mtoto mmoja akaleta kipande chake cha kioo, nikatoa ulimi nje, nikafananisha. Walicheka mpaka mistari ikavunjika. Nikapanda. Goti likalia kama mlango wa nyumba yako. Nikaliambia, lia tu, tunapanda. Nikaanza kufuta kama ulivyotaka, kwanza CHUNGU, maana ndiyo iliyo juu.

Mwalimu wa zamu akaja mbio. "Mama, nani amekuruhusu?" Nikamwonyesha sisimizi. "Mwenye huyo." Akabaki ametoa macho. Aliyeelewa ni yule Bondia wako. Nilimjua kwa ngumi. Akaja akasimama chini ya ngazi, akaikamata kwa mikono miwili. Wakaja wengine, wakaizunguka. Mimi sikuwaita, wala mwalimu wa zamu hakuthubutu kuwatoa. Kule nje ya uzio nikaona kasichana kembamba kamesimama na begi mgongoni, kamefukuzwa lakini begi kamevaa. Nikapaza sauti, "Kwa Nini! Njoo unishikie ndoo!"

Akaniuliza, "Kwa nini mimi?"

Nikajua sikukosea, ndiye mwenyewe.

Ndipo mkatoka ofisini watatu. Nilikuwa nimebakisha TAMU. Mwalimu mkuu alivyopayuka nilidhani bati litaruka. "Unaharibu kazi ya mtaalamu!" Nikamwambia, "Baba, mtaalamu ndiye mimi. Nimekuja kuchukua maneno yangu. Ulimi nawaachia." Mkaguzi, na miwani yake puani, akaniuliza jibu sahihi basi ni lipi. Nikamwambia mimi ni mchoraji, waulize wenye ndimi, au toa wako tuupake. Watoto wakamletea na vikombe. Hakuutoa. Aliangalia vile vikombe muda mrefu lakini hakuutoa.

Lakini mwanangu, ulipotoka mlangoni nilikuona umeshika kalamu, kifuniko hakipo. Tangu siku hiyo usingizi sina. Niambie kwa mstari mmoja, hayo mengine baadaye. Ulitia sahihi au hukutia?

Mama yako


Tarehe 25 Juni

Mama,

Shikamoo. Lala. Sikutia.

Mkaguzi alisoma ile karatasi, akanisogezea kalamu. Nikamwambia nitatia sahihi kwenye kila kilicho kweli. Ile sentensi yao nikaipiga mstari. Chini yake nikaandika, "Sikumtii mwalimu mkuu. Tulionja." Hapo nikatia sahihi, na hapo ndipo tuliposikia watoto wanacheka nje, nikatoka na kalamu mkononi nimesahau hata kuirudisha. Kumbe wanacheka ulimi wa mama yangu.

Mimi na mwalimu mkuu tulipelekwa ofisi ya wilaya kuandika maelezo. Mkaguzi ni mtu wa sheria, hapendelei mtu. Aliniambia nimekaidi mkubwa wangu, kwa hiyo sithibitishwi mwaka huu na ninahamishwa. Kisha akamgeukia mwalimu mkuu, akamwambia hakuna kifungu kinachomruhusu kumfukuza mtoto kwa sababu ya ulimi wake. Kwa Nini yuko darasani. Amekaa mbele.

Nilipokuwa nafunga mizigo, Bondia alikuja kuniambia kwamba siku ile mstarini alisema "Nilikosea" lakini alimaanisha jambo lingine. Nikamwambia najua. Tulilia wote wawili, halafu akanibebea godoro.

Mama, hukupaswa kupanda ile ngazi. Sijawahi kuona kitu kizuri kama wewe juu ya ile ngazi.

Binti yako


Tarehe 29 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti vipi, yameshuka? Mimi sijambo. Shule mpya iko mbali, vumbi mpaka kwenye chai, lakini dirisha linafunga na mlango unafunguka bila teke, mpaka nakosa pa kumalizia hasira.

Nina barua ya Kwa Nini. Anasema mwalimu mkuu alileta mchoraji mwingine arudishe maneno. Darasa la tano wakampelekea vikombe na sweta kabla hajafungua rangi. Akaonja, akacheka peke yake, akamwambia mwalimu mkuu yeye anaweza kuandika, lakini watoto watamcheka mtaani. Akabeba ngazi yake. Ulimi bado mtupu. Na kwenye mtihani lile swali limerudi. Darasa zima limeandika, "Kitabu kinasema ncha. Sisi tulionja, ni kote." Mwalimu mkuu amewapa nusu ya alama. Kwa Nini anauliza kwa nini nusu.

Sasa keti chini, Mama. Kama umeshaketi, shika kitu.

Jana mwalimu mkuu wa huku alinitembeza. Ofisi, stoo, bomba, halafu tukazunguka nyuma ya darasa la sita. Ukuta mzima. Kuna mnara mrefu, juu yake kasimama mtu aliyeachia mawe mawili kwa pamoja. Jiwe kubwa limeshagonga ardhi, vumbi linatimka, umelichora vumbi vizuri sana. Jiwe dogo bado liko angani, halijafika hata nusu. Chini imeandikwa: KILICHO KIZITO HUWAHI KUANGUKA. "Hii ndiyo fahari ya shule yetu," akasema.

Macho yangu yalikwenda kwenye kona ya chini, kulia. Yupo, Mama. Amebeba punje yake.

Ijumaa napanda juu ya tangi la maji na mawe mawili. Watoto watasimama mbali, ukuta wameupa mgongo, na kila mmoja ameshakisia. Usininunie.

Osha brashi.

Binti yako,
Kitinda mimba